Mgeni Aliyepona: Kero, Hofu na Mazoea ya Ulimi katika Uchekeshaji wa Richard Pryor

Aghalabu mchekeshaji huhesabiwa kuwa msanii wa mambo madogo. Mtunzi wa tanzia ana wafalme wanaoanguka na mashujaa wanaokufa. Mchekeshaji ana mbwa wa jirani, mke aliyenuna, gari lililomtia hasira, na nyanya aliyemtuma mjukuu akakate mwenyewe fimbo ya kuchapiwa. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi hupita mlangoni pake pasipo kubisha hodi. Makala haya yanashikilia kwamba kero ndogo na hofu ya siri ndiyo njia ambayo mchekeshaji hodari huingilia katika mambo mazito, na kwamba mazoea anayoyabadili maishani mwake yaweza kuwa tukio la kifasihi linalostahili kuchunguzwa. Mfano utakaotumiwa ni Richard Pryor, Mmarekani Mweusi aliyezuru Kenya mwaka 1979 na kuliacha Nairobi neno alilokuwa amelizoea tangu utotoni.

Pryor alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 mjini Peoria, katika jimbo la Illinois, akalelewa na nyanya yake aliyekuwa na danguro. Alipoanza kazi ya jukwaani katika miaka ya 1960, alifuata nyayo za Bill Cosby: vichekesho safi visivyomuudhi mtu, ambavyo Mzungu wa tabaka la kati angeweza kuvisikiliza na watoto wake. Mwaka 1967, huko Las Vegas, alisimama mbele ya hadhira, akajiuliza anafanya nini pale, akashuka jukwaani akaenda zake. Baadaye alikaa kwa muda Berkeley, California, na aliporudi alikuwa na sauti nyingine. Sasa walisikika walevi, makahaba, wahubiri na wazee wa vijiweni wa mji alikozaliwa, akiwamo mzee Mudbone, bingwa wa kutia chumvi, ambaye kwa wengi ndiye mhusika wake mashuhuri kuliko wote.

Sauti hiyo mpya ilikuja na neno lake. Ni lile tusi ambalo Wazungu wa Marekani walimwitia Mwafrika tangu siku za utumwa. Halina haja ya kuchapishwa hapa, kwani kila msomaji analijua. Pryor alilitia hata katika majina ya santuri zake mbili, ya 1974 na ya 1976, na zote mbili zilipata tuzo ya Grammy. Kwake lilikuwa salamu, kiunganishi, pumzi ya kati ya sentensi mbili. Ili kuelewa uzito wa kuliacha, ni lazima kwanza kueleza lilivyokuwa likifanya kazi katika sanaa yake.

Fani kuu ya Pryor ni tashihisi. Katika filamu yake ya 1979, *Richard Pryor: Live in Concert*, anasimulia mshtuko wa moyo uliompata mwaka 1977. Msanii wa kawaida angeeleza maumivu, na daktari, na kitanda cha hospitali. Pryor anaupa moyo wake kinywa. Moyo unamkamata kama jambazi wa kichochoroni: unamwamuru asipumue, unampigisha magoti, unamuuliza kwa nini hakuyafikiria hayo alipokuwa akijaza tumbo nyama ya nguruwe. Naye, mtu mzima, anaomba radhi na kuanguka sakafuni. Katika filamu hiyohiyo nyani wake wadogo wanakufa, na mbwa wa jirani, ambaye kila siku humfukuza, anaruka ua na kuja kumpa pole. Kisha anamkumbusha kwamba kesho kazi ya kumfukuza itaendelea. Katika filamu ya 1982, *Live on the Sunset Strip*, kiko alichovutia kokeini kinazungumza naye kwa sauti ya upole kama mpenzi mwenye wivu, kikimshawishi asiwasikilize marafiki waliokuja kumwonya.

Mifano hii inafunua kanuni moja. Kila kinachomtawala Pryor hupewa sauti, na kikiisha kupewa sauti hupoteza sehemu ya utawala wake. Hadhira hucheka kwa sababu inautambua moyo wake yenyewe, na mbwa wake, na ulevi wake. Kero ya mtu mmoja hugeuka kuwa mali ya ukumbi mzima. Hapa ndipo ulipo ubora wa Pryor kuliko wachekeshaji wengi waliomtangulia: alithubutu kuionyesha hofu ya mwanamume Mweusi mbele ya watu, katika jamii ambayo ama ilimwogopa mwanamume huyo, ama ilimtaka awe jasiri saa zote.

Tusi lile nalo lilitiwa katika kanuni hiyo. Nia yake, kama ya wengi wa kizazi chake, ilikuwa kumnyang'anya mtesi silaha: neno likitamkwa mara elfu na midomo ya waliotukanwa, lingekwisha makali kama kisu kilichokatia mawe. Dick Gregory alikuwa ametangulia katika njia hii. Mwaka 1964 alilitumia neno lilo hilo kuwa jina la tawasifu yake, na katika tabaruku akamwambia mama yake marehemu kwamba popote atakapolisikia tena, ajue kitabu cha mwanawe kinatangazwa. Ni kejeli kali, na tena yenye huzuni, kwa kuwa mama huyo alikuwa hayupo tena kuifurahia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili hueleweka upesi likipimwa kwa kipimo cha utani. Mzaramo humtukana Mnyamwezi, na Mnyamwezi humrudishia, wala hapana anayekwenda kushtaki. Lakini utani una masharti yake. Kwanza ni wa pande mbili: anayetukana lazima akubali kutukanwa. Pili una deni ndani yake: mtani aliyekudhihaki ungali hai ndiye atakayeshughulika msibani siku ya mazishi yako. Tusi la mtani ni tusi lililowekewa dhamana. Ukiondoa dhamana hiyo, kinachobaki ni tusi tupu.

Miongoni mwa watu wa Peoria, neno la Pryor lilikuwa na dhamana. Aliyelitamka na aliyeambiwa walikuwa wamebeba mzigo mmoja. Ila santuri haichagui mnunuzi. Neno lilipotoka kijiweni likaingia madukani, lilisikilizwa sebuleni mwa watu ambao hawakuwa watani wa mtu yeyote, ambao waliweza kulicheka bila kurudishiwa na bila kuhudhuria mazishi. Kwa mtazamo huu, udhaifu wa hoja ya kumnyang'anya mtesi silaha unaonekana wazi. Silaha ilinyang'anywa, kisha ikauzwa kwa bei nafuu katika kila duka la santuri, na mtesi akawa mteja.

Hayo Pryor hakuyasema kwa njia ya hoja, kwa kuwa hakuwa mtu wa hoja. Aliyasema kwa kisa. Katika filamu ya 1982 anaiambia hadhira kwamba alipokuwa Kenya alikuwa ameketi katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli, akasikia sauti ndani yake ikimuuliza anaona nini. Akatazama, akaona watu wa kila rangi wakifanya kila aina ya shughuli. Sauti ikamuuliza kama anamwona hata mmoja anayestahili kuitwa kwa lile neno. Akajibu kwamba hamwoni. Sauti ikamweleza sababu: watu wa namna hiyo hawapo. Ndipo alipotambua kuwa amekaa wiki tatu bila kulitamka, wala hata kuliwaza, na machozi yakamjia. Akaazimu kutolitumia tena kumwita Mweusi mwenzake.

Kifani, kisa hiki ni ndugu wa kisa cha moyo na cha kiko. Hapa pia ipo sauti inayomhoji Pryor, na Pryor anajibu kama mtoto mbele ya mkubwa. Tofauti ni kwamba sauti hii haimtishi wala haimbembelezi. Inauliza swali la mwalimu wa lugha: neno hili linamtaja nani? Kila jina hudai kitajwa chake. Mtu akisema mti, msikilizaji anaweza kutazama nje akaona mti. Pryor alitazama, akatafuta, asione kitajwa. Neno alilodhani ni jina la watu wake likafunuka kuwa jina la hali waliyotiwa. Na mahali ambapo hali ile haikuwapo, neno nalo halikuwa na pa kukaa. Mahubiri mengi juu ya heshima ya mtu Mweusi hayakuwahi kufanya kazi iliyofanywa na swali hilo moja, na sababu ni ya kisanaa: mahubiri humwambia mtu aache, ilhali kisa hiki kilimwonyesha kwamba alikuwa amekwisha kuacha pasipo kujua.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza swali ambalo kisa chenyewe hakiulizi. Katika ukumbi ule wa hoteli, ni nani mwingine aliyesema? Jibu ni kwamba hakuna. Msanii aliyeupa kinywa moyo, mbwa na kiko, hakumpa kinywa Mkenya hata mmoja katika tukio lililombadili maisha. Wakenya wa kisa hiki wanapita, wanafanya kazi, wanatazamwa. Wao ni kioo, na kioo hakitarajiwi kuzungumza. Lau mmoja wao angepewa sauti, yamkini angeutia utata ushindi ule.

Angeweza kumkumbusha mgeni kwamba kabla ya uhuru wa 1963, hoteli kubwa za mji huu zilimjua Mwafrika kama mtumishi, na kwamba mwanamume mwenye mvi na wajukuu aliitwa humo "boi". Angeweza kusimulia kwamba mwandishi wa riwaya na tamthilia, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa ametoka kizuizini Desemba 1978, baada ya kufungwa karibu mwaka mzima pasipo kushtakiwa, kufuatia mchezo wa kuigiza kwa Kikikuyu uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ na kupigwa marufuku mwaka 1977. Nchi ambayo mgeni aliiona kuwa ya watu huru ilikuwa imetoka tu kumfungia mwananchi kwa sababu ya maneno yaliyosemwa jukwaani katika lugha ya mama. Haya hayabatilishi alichokiona Pryor. Mtu aliyekulia katika nchi ambamo rangi yake ni kosa ana haki ya kulia anapofika mahali ambapo waziri, karani, dereva na mwizi ni weusi wote. Ila yaonyesha kwamba aliloliona lilikuwa sehemu ya ukweli, iliyotazamwa kutoka kitini.

Pia haifai kukifanya kisa hiki hadithi ya wokovu. Safari ya Kenya ilikuwa 1979. Tarehe 9 Juni 1980, Pryor aliungua vibaya nyumbani kwake akiwa katika ulevi wa kokeini. Kwanza alilifanyia mzaha jambo hilo jukwaani, akidai kwamba alichanganya aina mbili za maziwa, akachovya biskuti, na mchanganyiko ukalipuka. Miaka ilipopita aliukaribia ukweli hatua kwa hatua: katika filamu ya 1986 aliyoiongoza mwenyewe, *Jo Jo Dancer, Your Life Is Calling*, mhusika mkuu anajimwagia pombe na kujiwasha kwa makusudi, na katika tawasifu yake ya 1995 alikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo ulimi ulikuwa umekwisha kuwekwa huru wakati mwili ungali mtumwa. Mazoea yana taabu, na mazoea ya mtu mmoja hayaachwi yote siku moja.

Mpangilio huu wa matukio una maana kubwa kwa mhakiki. Hadhira ya 1982 ilisikia kisa cha Nairobi na kisa cha moto katika jioni moja, kutoka kwa mtu mmoja aliyevaa suti nyekundu. Mwisho wa onyesho anawasha njiti ya kiberiti, anaipitisha hewani kwa kurukaruka, na kusema kwamba huyo ni Richard Pryor akikimbia barabarani. Ule ndio mzaha ambao wengine walikuwa wakimfanyia; ameuchukua na kujitania mwenyewe. Neno moja aliliacha kwa sababu lilikuwa kidonda cha watu wote. Mzaha mwingine aliukumbatia kwa sababu kidonda kilikuwa chake peke yake. Huo ni mpaka uliochorwa na msanii anayeijua kazi yake, na unaweza kutumiwa kama kanuni: mchekeshaji ana mamlaka kamili juu ya aibu yake mwenyewe, na mamlaka yenye mipaka juu ya aibu ya jamii.

Waliokuja baada yake walikuta mpaka huo umekwisha kuchorwa, ingawa si wote waliouheshimu. Paul Mooney, aliyemsaidia Pryor kuandika vichekesho vyake, aliendelea kulitumia neno lile kwa miaka mingi, na alitangaza kuliacha mwaka 2006 tu, baada ya mchekeshaji Mzungu, Michael Richards, kulipiga nalo kelele jukwaani mjini Los Angeles. Mwaka 2007 chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kiliandaa mjini Detroit mazishi ya neno hilo, kwa jeneza na msafara. Dave Chappelle naye alikiacha kipindi chake cha televisheni mwaka 2005, akaenda Durban, Afrika Kusini, kwa sababu alisikia katika kicheko cha Mzungu mmoja aliyekuwapo wakati wa kurekodi jambo lililomtia wasiwasi: alihisi kwamba yule mtu anawacheka Weusi, hacheki nao. Safari mbili, ya Pryor na ya Chappelle, zinafanana kwa umbo. Katika zote mchekeshaji analazimika kuja Afrika ili aweze kukisikia vizuri kicheko alichokiacha nyumbani.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika habari hii mgeni ndiye aliyepona. Limebaki swali kuhusu mwenyeji. Kiswahili chenyewe kina maneno ambayo hayajawahi kuulizwa linalomtaja nani. Mfano ulio karibu ni "mshenzi". Waungwana wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Walowezi wa Kizungu wakalichukua, wakaliingiza katika Kiingereza chao cha mashambani, wakawaita hivyo mbwa wasiokuwa na asili na watu waliowafanyia kazi. Na leo Waafrika hulitupiana barabarani gari moja likikata mbele ya jingine. Neno limezunguka mikono mitatu na kurudi lilikotoka, na katika safari yote hiyo halikuwahi kuwa na kitajwa.

Uchekeshaji wa Kenya nao umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya lafudhi. Vipindi kama *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani*, vilivyopendwa tangu siku za Sauti ya Kenya, viliwafundisha watazamaji kumtambua mhusika kwa kabila kabla ya kumtambua kwa tabia. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015 na kuombolezwa kote nchini, alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo. Kazi yake ilibaki upande wa utani, na sababu si vigumu kuiona. Mzee Ojwang' alikuwa na kero zake za nyumbani, hofu ya kuumbuliwa, tamaa na majigambo, na Mama Kayai wa kumrudi. Lafudhi ilikuwa vazi tu, na ndani ya vazi alikuwamo mtu. Tofauti na hivyo, wako waigaji ambao chini ya lafudhi hawana mtu: wakiisha kubadilisha r na l, wakiisha kupotosha majina, kichekesho kimekwisha. Hapo pana dhihaka isiyo na dhamana, kwa kuwa anayechekwa hayupo jukwaani kurudisha.

Baada ya umwagaji wa damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilitunga mwaka 2008 Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa, inayokataza matamshi ya kuchochea chuki ya kikabila. Sheria ni lazima, kwani maneno yalikuwa yametangulia mapanga. Lakini sheria ina uwezo wa kumfunga mtu mdomo tu. Haina uwezo wa kumfanya agundue, baada ya wiki tatu, kwamba neno fulani halijamjia hata katika mawazo. Hiyo ni kazi ya sanaa, na katika sanaa hakuna aliye karibu nayo zaidi ya mchekeshaji, kwa sababu yeye huyashika maneno ya watu mikononi kila siku, kama fundi anavyoshika misumari, na hujua upesi kuliko wengine msumari upi umepinda.

Thamani ya Pryor kwa fasihi ya Afrika Mashariki basi haimo katika sifa alizoipa Kenya. Sifa za mgeni ni adabu ya mgeni. Imo katika namna ya kuuliza. Mchekeshaji wa Nairobi, Mombasa au Kisumu atakayekaa chini na kulikagua kila jina analolitamka, akatafuta kitajwa chake miongoni mwa watu anaowaona kwa macho, atakuta maneno kadhaa yamebaki bila mwenyewe. Akiyaacha hayo, hatapungukiwa na vichekesho. Bado atakuwa na moyo wake unaomtisha usiku, deni la duka, mbwa wa jirani na nyanya mwenye fimbo, na hivyo vimetosha kuwachekesha watu tangu zamani.